Ishara Chini ya Mgomba

Safari hii Aristides alirudi kutoka Goziba bila dagaa. Alirudi na wokovu. Elieth, mkewe, alikuwa amekwisha kuazima ungo kwa jirani, maana mume aliyekaa kisiwani miezi kadhaa harudi mikono mitupu. Lakini aliposhuka kwenye bodaboda pale Kishanda, bwana mkubwa alikuwa na begi moja tu na uso unaong'aa kama wa bwana harusi. Alimkumbatia mkewe mbele ya dereva, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yao, akamwambia, "Mama Nancy, Bwana amenishika."

Elieth alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akasahau kurudisha ungo wa watu. Kwa miaka mingi alikuwa akienda ibadani peke yake, anaimba kwaya ya akina mama huku akijua kabisa kwamba mumewe, kama yuko kisiwani au yuko nyumbani, saa hiyo yuko kwenye pombe ya rubisi. Sasa mtu yuleyule aliamka asubuhi akiwa na akili zake, akaongoza sala, akamsifu mkewe kwa chai. Mama yake Aristides, Bibi Klaudia, aliyekuwa akimenya ndizi jikoni, amekaa juu ya ngozi yake ya kondoo, alimtazama mwanawe akipita na ndoo ya maji.

"Waitu, mwanangu, kama huu ndio wokovu," alisema, "ulichelewa wapi? Ng'ombe wa baba yako wangekuwepo hadi leo."

Mwezi wa kwanza ulikwenda hivyo, kwa raha na nyimbo. Mwezi wa pili, siku moja wakiwa mezani, Aristides alisukuma sahani ya ndizi kando kabla hajaimaliza. Hilo peke yake lilimtosha Elieth kujua kwamba kuna jambo.

"Mungu amesema nami," alisema. "Tuuze kibanja."

"Kibanja kipi?" Bibi Klaudia aliuliza.

"Hiki, mama."

"Hiki ambacho baba yako amelala ndani yake?"

"Baba hatabughudhiwa. Mnunuzi amekubali kuyaacha makaburi."

Elieth alishika kijiko chake vizuri. Kumbe mnunuzi yupo! Mungu alikuwa amesema, na mnunuzi alikuwa amesikia, na yeye mwenye jembe ndiye wa mwisho kupata habari.

Aristides aliwaeleza kwa utaratibu, na ubaya ni kwamba aliyoyasema yalikuwa mazuri. Kule Goziba, alisema, wavuvi wanatoka pande zote za ziwa, wanafanya kazi usiku, mchana wanakunywa na kupigana, na mtu akizama anazikwa bila hata mtu wa kumwimbia. Walikuwa wakisali chini ya turubai lililochanika. Mungu alikuwa amemwambia aende akawajengee nyumba ya kusalia na akae nao, yeye na familia yake. Mushumbusi, mfanyabiashara wa Bilele kule Bukoba mjini, alikuwa tayari kukichukua kibanja chote, nyumba, migomba na kahawa pamoja.

"Baba wa imani aliambiwa atoke nchini kwake," alimaliza. "Hakuuliza maswali."

"Mkewe aliulizwa?" Elieth alisema.

Aristides alicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mtoto. "Utii hauulizi, Mama Nancy."

*

Serikali, hata hivyo, ilikuwa inauliza. Mtendaji wa kijiji alimwambia Aristides wazi kwamba kibanja cha familia hakiuzwi bila mke kukubali na kutia saini mbele yake. Ukoo nao ulikaa. Kashaija, mkubwa wa ukoo, ambaye kwa kawaida hukohoa mtu akitaja tu neno kuuza, safari hii alijikuta pabaya. Alisema ukoo unaweza kugombana na Aristides mpaka kesho, lakini ukoo hauwezi kugombana na Mungu. Kwa hiyo mke akikubali, wao wananyamaza. Wazee wote walipumua. Mzigo walioogopa kuubeba waliutua kwa adabu kichwani kwa Elieth.

Basi ikawa kila mtu anamtazama yeye. Alikuwa amekitunza kibanja kile tangu alipoolewa. Alikuwa ameking'olea magugu, amekitandazia nyasi, amebeba samadi kichwani akiwa na mimba ya Nancy, na kahawa yake ndiyo iliyompeleka Nancy sekondari. Mumewe alikijua kibanja kama mgeni anavyoijua nyumba, sebuleni tu. Alizaliwa humo, lakini alilikimbia jembe akiwa na ndevu tatu kidevuni, akaenda visiwani. Alipokuwa nyumbani aliamka jua likiwa limepanda, migomba imekauka umande na kifungua kinywa kiko mezani.

Watu nao hawakumwonea huruma. Jumapili, baada ya ibada, wakati mazao ya sadaka yananadiwa uwanjani, Dativa wa soprano alimsogelea mbele ya kwaya nzima.

"Mama Nancy, nigawie chumvi kidogo."

"Chumvi ya nini?"

"Si wanasema unageuka nyuma? Nimewahi kabla hujawa nguzo."

Wanawake walicheka mpaka mnadi mkungu akanyamaza kuwasubiri. Elieth naye alicheka, maana utani ulikuwa mzuri, ila ulimchoma. Njiani kurudi alijiuliza kwa dhati kama ni kweli. Alikuwa amesali juu ya jambo hili asubuhi na jioni. Aliomba, akanyamaza, akasikiliza. Alisikia kuku. Siku nyingine alimsikia Bibi Klaudia akikohoa. Mungu hakuwahi kumwambia sentensi nzima hata moja tangu alipobatizwa, na hadi juzi hakuona kama hilo ni tatizo. Sasa aliona aibu. Pengine wenzake wote walikuwa wanasikia, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa anaimba tu.

"Mimi Mungu hajaniambia," alimwambia mumewe jioni ile. "Nitatia saini akiniambia."

Alitegemea hasira. Badala yake Aristides alipiga makofi. "Haya! Tumwombe ishara!"

*

Mpango wa Aristides ulikuwa ule wa mwamuzi wa kale aliyetandaza ngozi ya kondoo nje usiku. Ngozi ikilowa umande na chini pakiwa pakavu, basi Mungu amesema, waende Goziba. Ngozi nyumbani ilikuwa moja tu.

"Mungu ana dunia nzima," Bibi Klaudia alilalamika ikivutwa kutoka chini yake, "anataka ngozi yangu ya kukalia?"

Aristides aliibeba mpaka mahali alipozoea kusalia, nyuma ya jiko, chini ya mgomba mzee wenye majani mapana kuliko yote. Aliitandaza juu ya matandazo ya nyasi, akaomba kwa sauti, akaenda kulala. Elieth alisimama mlangoni akiitazama. Kitu fulani kilimkera, lakini hakutaka kuwa mtu wa kumfundisha Mungu mahali pa kuweka ngozi.

Asubuhi alikiona alichokuwa anakijua. Huku Muleba, umande wa alfajiri hushukia majani ya mgomba kwanza. Jani hulikusanya tone kwenye mfereji wake, hulitelemsha mpaka ncha, na ncha hudondosha mahali palepale, tone baada ya tone, mpaka jua litoke. Anayepalilia mapema anapajua kila panapodondoka, kwa sababu pamekwisha kumlowesha shingo. Na matandazo mazuri hunywa tone lote. Ukipitisha mkono juu utasema pakavu. Ngozi hainywi. Ngozi ya Bibi Klaudia ilikuwa imejaa maji katikati kama sahani.

"Haleluya!" Aristides alikuwa amepiga magoti tayari. Aliipapasa ngozi, akapapasa nyasi pembeni, akaipapasa ngozi tena. "Pakavu! Pakavu kabisa! Mama Nancy, njoo uone!"

Elieth alifungua kinywa aseme. Juu ya kichwa cha mumewe tone lingine lilikuwa linajikusanya taratibu. Lakini kelele zilikuwa zimewaleta majirani. Dativa alikuwa ameshafika na mswaki mdomoni, na nyuma yake wengine watatu, wote wameshangaa. Kumwambia mtu mzima, mbele ya watu, akiwa amepiga magoti analia, kwamba amelia kwa sababu ya jani? Elieth alifunga kinywa chake. Kufikia saa nne habari ilikuwa imefika sokoni, na Mushumbusi amepigiwa simu aje Jumamosi.

*

Elieth alikwenda kwa mwinjilisti wao. Kahangwa alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa, na Elieth alimkuta juu ya ngazi akirekebisha bati la kanisa, misumari mdomoni. Elieth alimweleza yote kutokea chini, kuanzia jani hadi nyasi. Kahangwa aliitema misumari mkononi, akacheka mpaka ngazi ikatikisika, kisha akaona uso wa Elieth, akaacha.

"Mama, kazi hii nimeifanya miaka mingi," alisema. "Mungu hajawahi kunieleza hata mahali pa kufunga mbuzi. Ila siwezi kumwambia mwenzangu kwamba hakusikia. Goziba kweli wanahitaji mtu."

"Na mimi ninayesikia kuku?"

"Wewe sema ulichokiona."

"Ataniambia sina imani."

"Inawezekana." Kahangwa alishuka ngazi moja. "Sasa nijibu. Unamwogopa Mungu, au unamwogopa Baba Nancy?"

Elieth alisema atafikiri, akaaga. Njia nzima alimkasirikia mwinjilisti, na hasira ilikuwa kubwa kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Hata hivyo hakusema. Alipofika nyumbani, Aristides alikuwa anapanga vitu vya kubeba huku akiimba, na furaha yake ilikuwa safi kiasi kwamba alishindwa kuivuruga. Alitafuta njia ya mkato. Alisema bado moyo wake mgumu. Si yule mwamuzi aliomba mara mbili?

"Aliomba!" Aristides alifurahi zaidi. "Mara ya pili aliomba kinyume. Ngozi iwe kavu, chini palowe. Basi Ijumaa jioni utaitandaza wewe mwenyewe, usije ukasema niliiweka mimi. Ikiwa kavu asubuhi, unatia saini. Ikilowa, tunabaki, na sitafungua tena mdomo."

"Hutafungua?"

"Nimesema mbele za Bwana."

Ndivyo Elieth alivyojikuta Ijumaa jioni nyuma ya jiko, na ngozi mikononi, na uamuzi wote wa nyumba mikononi pamoja nayo. Angeiweka chini ya upenu wa jiko, ingebaki kavu. Angeiweka chini ya mgomba mzee, ingelowa. Alijua kama anavyojua jina lake. Alitazama huku na huku kama mwizi, akaitandaza palepale pa kwanza, akaisogeza kidogo kuelekea kwenye ncha ya jani, na akaomba sala fupi ambayo hakuthubutu kuitia jina la yeyote.

*

Jumamosi asubuhi ngozi ilikuwa imelowa chapachapa.

Aristides aliichungulia kwa muda mrefu. Hakupiga kelele. Aliinyanyua, akaimwaga maji, akaikunja vizuri mara mbili. Kisha akavua kofia, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Mapenzi yako yatimizwe," alisema. Alimgeukia mkewe na kujaribu kutabasamu. "Umesikia vizuri kuliko mimi, Mama Nancy. Mimi nilikuwa na kiburi. Nisamehe. Mushumbusi akija nitamwambia Mungu amekataa."

Kibanja kilikuwa kimepona. Elieth hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kusema amina. Neno lilimfika mpaka kwenye ulimi, likakwama hapo. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu mlevi, mbishi, mwenye kupotea miezi. Hakuwahi kumwona mnyenyekevu hivi, na unyenyekevu wenyewe ameutega yeye, kama mtego wa fuko. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Usiniombe msamaha," alisema. "Niliitega."

"Ulitega nini?"

"Ngozi. Pale panadondoka. Kila siku panadondoka, hata ile ya kwanza ilikuwa ni jani. Nilijua. Nikanyamaza, halafu jana nikaiweka palepale makusudi ili ilowe."

Aristides alimtazama, akatazama mgomba, akamtazama tena. Uso wake ulibadilika rangi. "Mimi ni mzaliwa wa hapa," alisema kwa sauti nzito. "Unataka kuniambia nilipiga magoti mbele ya watu wote wale kwa sababu ya jani la ndizi?"

"Ndiyo."

"Unanifanya mjinga."

"Nenda usimame pale."

Alikwenda kwa hasira, hatua kubwa kubwa, akasimama pale ngozi ilipokuwa, kichwa wazi, mikono kiunoni kama mtu anayemsubiri mdeni wake. Kwa muda hakukutokea kitu. Ndege waliimba. Aristides alifungua kinywa aseme kwamba ameona, hakuna lolote, na hapo tone kubwa la baridi likamdondokea katikati ya upara, likatelemka hadi kwenye nyusi. La pili likafuata kabla hajalifuta la kwanza.

Kutoka jikoni Bibi Klaudia, aliyekuwa akichungulia dirishani, aliangua kicheko. "Aristides! Unabatizwa mara ngapi wewe?"

Mabega ya Aristides yalianza kutikisika, Elieth akadhani analia tena, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye mgomba, na mgomba ukamwagia umande wote uliosalia, akacheka zaidi. Elieth alicheka kwa hofu kwanza, halafu kwa kweli, mpaka wote wawili wakakaa juu ya nyasi wamelowa.

"Sasa," alisema Aristides akifuta macho, "Mungu amesema nini?"

"Sijui. Mimi sisikii."

"Hata mimi," alisema taratibu. "Kuhusu Goziba nilisikia, Elieth. Nilisikia kweli. Wale watu wananililia ndani yangu hata nikila. Kuhusu kibanja..." Alichuma unyasi, akaukata vipande. "Kuhusu kibanja nilimsikia Mushumbusi. Nikaona sauti zinafanana."

Alimtazama mkewe usoni. Katika miezi ile yote ya maono, sala na vikao hakuwa amemtazama hivyo.

"Wewe unasemaje?" aliuliza.

Swali lilikuwa dogo, na Elieth alishangaa kuona limemletea machozi. Alikuwa amelingoja muda mrefu hata akasahau kwamba analingoja.

"Mimi sitii saini," alisema. "Siyo kwa ishara. Sitaki tu. Hapa napalilia, hapa nasali. Wewe umeitwa, nenda. Sikuzuii, hata nikitaka kukuzuia, na nataka. Kasali nao chini ya turubai lao. Ukichoka rudi, utatukuta."

Kabla hajajibu, gari lilisikika likikata kona kuja nyumbani. Mushumbusi alishuka akiwa na viatu vya mjini na mtendaji wa kijiji amekaa kiti cha nyuma. Aristides aliinuka kwenda kumpokea, ametota tangu kichwani, nyasi zimemganda kwenye suruali. Elieth alibaki upande wa jiko. Alijua mwanamume anaweza kusema nini mbele ya wanaume wenzake ili asiaibike, na alijiandaa kukisikia.

"Karibu, waitu, karibu chai," Aristides alisema. "Ila kibanja hakiuzwi."

Mushumbusi alimkagua kuanzia upara hadi miguu. "Kwani Mungu amebadili mawazo?"

"Hapana. Mungu hakusema lolote kuhusu kibanja."

"Sasa nani amekataa?"

Mtendaji alitoa kichwa dirishani asikie vizuri. Majirani nao walikuwa wameanza kujitokeza, Dativa mbele yao.

"Mke wangu," alisema Aristides, kwa sauti ya kutosha watu wote. "Mke wangu amekataa."